Baba Yetu, Fundi wa Kunyoosha Shabaha

Baba, mwaka umezunguka tangu ulipovua aproni yako ya ngozi kwa mara ya mwisho ukatuacha. Mwaka mzima nyumba hii haijasikia mtu akigombana na redio.

Watu wakisema ulikuwa fundi wa silaha wa klabu ya kulenga shabaha, tunawasahihisha. Mafundi wa silaha ni wengi. Wewe bastola ikikudanganya, uliikalia kooni mpaka iseme kweli. Na ulijijua! "Jicho kama hili halizaliwi mara mbili," ulikuwa ukimwambia Mama. Naye Mama: "Basi jicho hilo liione hiyo sukari iliyo mbele yako."

Tunakumbuka unga wa chuma kwenye mapindo ya suruali yako, ambao Mama alikukung'utia nje ya mlango. Tunakumbuka mikasi na makufuli ya majirani uliyoyatengeneza bure, ukiwagombeza wenyewe kwa kuyatesa.

Lakini zaidi tunaikumbuka bastola ya Dada.

Dada alikuwa akiwania nafasi katika timu ya klabu, mwanamke pekee. Walimpa bastola ya zamani, ambayo sehemu zake za kulengea hazina skrubu ya kurekebisha: mbele jino la chuma lililoota juu ya mtutu, nyuma mfereji mwembamba. Risasi zake zote zikatua chini ya shabaha. Nahodha akacheka. "Huyu anaogopa mlio. Akivuta kidole anashtuka, mtutu unainama. Akapumzike nyumbani."

Hukubishana naye. Ulichanganya maganda matupu na risasi nzima ndani ya bastola, hukumwambia Dada lipi liko wapi, ukasema mbele ya wote, "Piga." Nyundo ya bastola ilipoangukia ganda tupu, hapakuwa na mlio wa kuuficha mkono. Kama angeshtuka, kila mtu angeuona mtutu ukiinama. Haukutikisika.

"Mmeona?" ulinguruma. "Mkono mzima. Jino ndilo refu!"

Nahodha akakubali kumsubiri hadi kesho yake, siku ya kuteua timu. Ukaifunga bastola kikaratasi chenye neno moja, TUPA, ili asubuhi uanze nayo. Ukarudi nyumbani umevimba kwa fahari.

Asubuhi bastola haipo. Mtunza ghala, mtu mtiifu kupita kiasi, alikuwa ameitia kwenye sanduku la silaha mbovu zinazokwenda kuyeyushwa, na gari la kulichukua limeshawasha injini.

"Nani kaitupa bastola ya mwanangu?"

"Fundi, si wewe umeandika tupa?"

"Tupa ya kusugulia chuma, bwana wee! Si tupa ya kutupa!"

"Ningejuaje? Ungeandika 'piga tupa'!"

"Ningeandika 'piga', ungeipiga nyundo!"

Hata Dada, aliyekuwa akilia, alicheka. Ulipanda gari mwenyewe, ukalifukua sanduku lile mpaka chini, ukashuka nayo mkononi.

Nahodha akaanza kukuhimiza. "Mzee, likate jino lote tumalize, watu wanangoja."

"Wangoje. Chuma kikishaliwa hakirudi. Nikizidisha, risasi zitapita juu, na hapo nitaliotesha jino kwa mbolea?"

Ulisugua kidogo, Dada akapiga, ukakodolea macho karatasi ya shabaha, ukasugua tena. Jino lilivyopungua, ndivyo alivyolazimika kuuinua mtutu ili alione kwenye mfereji, na risasi zikapanda. Zilipofika katikati ya duara, uliweka tupa mezani, ukafuta mikono, ukamwambia: "Bastola sasa inasema kweli. Kuanzia hapa, ukikosa, umekosa wewe."

Wengine wangemwombea nafasi kwa nahodha. Wewe ulimwachia kazi yake, ukarudi nyuma ya mstari kama watazamaji wote.

Hakukosa. Karatasi yake ilitoboka katikati hadi matundu yakashikana yakawa moja. Nahodha akamkabidhi fulana ya timu mbele ya watu wote. Mtunza ghala akapiga mbinja. Wewe ukajifanya unatafuta miwani, nayo imekukaa puani.

Baba, hukutulea kwa kutubembeleza. Ulituondolea kasoro zisizo zetu, kisha ukatuachia zilizo zetu tuzibebe. Tunazibeba tukitembea kifua mbele, maana sisi ni watoto wako.

Unakumbukwa na mkeo mpenzi, ambaye bado anakung'uta suruali zako; na dada yako, shangazi yetu; na wajukuu zako, wanaogombania jicho lako nani kalirithi; na mtunza ghala, aliyesema tusipomtaja atasusa; na mwanao wa kiume, aliyeandika haya kwa niaba ya wote; na binti yako, nahodha wa timu.

Kukusahau, Baba, hatuwezi na hatutaki.