Kopo Lililotazama Zizi la Mzee Hatibu

Jumatatu, 3 Novemba

Kopo lipo. Nimelikagua kabla ya chai. Utepe mweusi umeshika, tundu liko wazi. Wiki iliyopita buibui alijenga nyumba palepale tunduni, nikamfukuza kwa unyoya wa kuku. Ukungu umejaa bondeni. Jua likichelewa, mstari wake wa leo kwenye picha utaanzia juu. Sawa. Ukungu nao una haki ya kuonekana.

Makopo mengine yote yalinishinda. La kwanza nililitoboa kwa msumari, haraka zangu, picha ikawa uji. La pili liliingia maji ya masika. La tatu nililifunga kwenye mti wa pea, upepo ukayumbisha mti, jua likatoka limelewa. Hili ni la maziwa ya unga. Tundu ni la ncha ya sindano, kwenye kipande cha bati la soda nililolisugua kwa msasa. Liko juu ya nguzo ya ua tangu Juni, linatazama mashariki. Litakaa hapo mpaka jua ligeuze njia, Desemba.

Ndani imo karatasi ya picha, ya mwisho ya marehemu mume wangu; kila siku jua huchora mstari mmoja juu yake. Baba Eliza alipiga picha za pasipoti nyuma ya soko la Lushoto maisha yake yote, akaniachia boksi moja la karatasi. Shemeji aliniambia zimekwisha muda, nitupe. Nikamwambia hata yeye muda wake umekwisha na bado tunamlisha.

Jumatano, 5 Novemba

Mzee Hatibu wa ng'ambo ya kijito hakuitikia shikamoo yangu. Nilidhani hakusikia. Nikarudia. Akatazama migomba.

Bombani mkewe, Mama Zaina, akaninong'oneza sababu. Ng'ombe wao amekata maziwa. Watu wanasema nimemtegea fingo la uchawi. Kopo jeusi, limefungwa kitambaa chekundu, jicho limeelekea zizini.

Kitambaa chekundu! Mpira wa baiskeli uliolishika kopo nguzoni ulikatika Agosti, nikachana kanga kuukuu. Nyeusi na nyekundu, rangi za mganga. Ingekuwa kanga ya kijani, leo ningekuwa mama mjane anayechezea makopo, basi.

Nimecheka. Halafu nimekasirika. Miaka yote hii naazimana chumvi na watu hawa. Kitambaa sikibadilishi. Nikikibadilisha watasema nimeshtuka.

Jumamosi, 8 Novemba

Kopo limevishwa gunia. Kazi ya Mzee Hatibu, alfajiri, akitoka msikitini. Amelifunga kwa kamba za katani, fundo juu ya fundo. Nikizivuta kopo litatikisika, na likitikisika picha imekwisha. Na nikizikata mwenyewe watasema nalitetea fingo langu. Jua limepanda vizuri kuliko siku zote za mwezi huu na kopo halioni kitu. Nina hasira.

Nimempitia makusudi nikampa shikamoo kwa sauti ya kwaya. Akaongeza mwendo.

Jumapili, 9 Novemba

Baada ya ibada amekuja mwenyekiti wa kitongoji. "Mama Eliza, lifungue Jumamosi mbele ya watu, waone hamna kitu, yaishe."

Rahisi kwake. Wakilifungua watapokezana karatasi juani, na mwanga wote huo utaifuta. Yaani ili nionekane sina kosa, niiue picha kwa mkono wangu.

Nimesema hapana. Akasema basi watalifungua wenyewe. Nikamwambia waje na majembe, maana nguzo itang'oka pamoja na mimi.

Alhamisi, 13 Novemba

Sikulala vizuri, lakini nimepata dawa yao. Chumba alichotumia Baba Eliza kusafishia picha kina dirisha la mashariki. Nimeliziba kwa mablanketi na nailoni nyeusi ya viriba vya miche. Katikati nimeweka kadibodi, na kwenye kadibodi tundu.

Alasiri, jua likiwa nyuma ya nyumba, bonde lote likaingia ukutani. Kichwa chini. Zizi, migomba, Mama Zaina akianika nguo angani.

Nimekaa sakafuni nikalia. Nadhani ni hasira. Kama kopo halifunguliwi, basi wao wataingia ndani ya kopo.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimekaa chini ya nguzo na kigoda na mwavuli tangu asubuhi. Wamekuja alasiri. Nikasema hakuna mkono utakaogusa kopo kabla macho hayajaingia chumbani.

Mwenyekiti aliingia akatoka mbio. "Huyu kaigeuza dunia!" Wanawake wawili wakaondoka hapohapo. Nikajua nimejimaliza.

Mzee Hatibu akaingia wa mwisho. Nikafunga mlango. Ng'ombe wake alikuwa ukutani, miguu juu, anacheua. Mzee akanyoosha mkono, ng'ombe akapita juu ya kiganja chake.

"Anaumia?"

"Haumii, Mzee. Ni mwanga tu, ukipita tunduni unageuka. Kopo nalo ni chumba kama hiki. Tofauti ni karatasi."

Alipotoka akachukua panga lake mlangoni, nikamfuata mbio. Akaenda kwenye nguzo. Kwa mkono mmoja akalishika kopo lisitikisike, kwa mwingine akakata katani, fundo moja moja. Akakunja gunia lake. Akaondoka. Wengine wakamfuata.

Alhamisi, 27 Novemba

Bwana mifugo amefika kwa Mzee Hatibu. Kiwele kina uvimbe. Kilikuwa nao muda wote huo. Hakuna aliyekuja kuniomba radhi. Kitambaa chekundu bado kipo, na mvua imekifanya chekundu zaidi. Vizuri.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimekata kitambaa mwenyewe. Nimelifungua kopo mle chumbani, gizani.

Kona moja imeota ukungu. Kwingine kote picha ipo: mgongo wa mlima, paa la zizi, na jua likipanda siku baada ya siku, mstari kando ya mstari, toka Juni. Penye mawingu mistari imekatikakatika. Nimeipiga kwa simu upesi, kisha nimeirudisha kwenye boksi la Baba Eliza. Karatasi zake hazikuwa zimekufa.

Jioni Mzee Hatibu amesimama mlangoni na chupa ya maziwa. Nimempa shikamoo kama kawaida yangu.

"Marahaba, Mama Eliza."

Nimemwonyesha simu. Amelitambua paa lake. Ametafuta, ametafuta tena.

"Na mimi niko wapi humu?"

Nimeikuza picha. Katikati ya mistari ya Novemba kuna nafasi tupu ya wiki moja, pana kidogo, ambapo jua halikuacha alama. Nimeiwekea kidole.

"Hapa."

Ameitazama mpaka mwanga wa simu umezimika. Kisha akavuta kiti. Tumekunywa chai, ya maziwa yake.