Gome Ndani ya Supu

Buger, 4 Machi 1981

Kwa mke mwenzangu Cresensia, huko Wasso,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ng'ombe wazima, mahindi yamefika magotini. Wewe unakula? Waliokuona mwezi uliopita wanasema muuguzi mzima una shingo kama ya korongo. Anayeandika ni Josephati katekista, na nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengenezee maneno.

Sasa habari za mume wetu. Tangu babu yako atoke hospitali ya Karatu mwezi wa kwanza, miguu iliyovimba ilinywea, akawa analala chali kama watu wengine. Asubuhi anameza kidonge cha moyo, na kile cha kutoa maji, kinachomkimbiza nyuma ya nyumba kama mtoto. Sijamkosesha hata siku moja. Lakini wiki mbili hizi hataki chakula. Anatapika. Jana ameniambia ugali wangu ni wa njano, na mahindi yangu meupe unayajua. Nikamwambia, mzee, sasa unatafuta sababu.

Nimeona bado ana uchafu tumboni, basi nimemwongezea supu. Ilikuwa mara moja kwa juma, sasa ni kila baada ya siku moja, na lile gome la kuharisha, la mti wa olmukutan, analoniletea rafiki yangu Nanyokie kutoka Umasaini nimelizidisha. Linamwendesha vizuri, anashinda chooni. Karibu atakuwa safi. Wewe niambie kama kuna sindano ya kurudisha hamu ya kula.

Mimi kichwa kinazunguka nikiinama, lakini huo ni uzee tu.

Bibi yako, mke mkubwa

*

Wasso, 17 Machi 1981

Bibi yangu,

Shikamoo, na Babu shikamoo. Mimi sijambo, ninakula, korongo ameanza kunenepa. Barua yako imefika leo saa nne, na saa tano daktari wetu alikuwa ameshaisoma. Kuna lori linaondoka mchana, kwa hiyo naandika haraka.

Bibi, nisikilize na usikasirike. Babu asinywe tena lile gome. Kidonge cha moyo asimeze kingine mpaka aonwe na daktari. Msingoje nafuu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo utakayosomewa barua hii, hata kwa trekta la kijiji, na uchukue vidonge vyote pamoja na kipande cha gome, uwaonyeshe.

Mtu anayemeza kidonge kile akianza kutapika na kuona vitu vya njano, mara nyingi ni dawa iliyomzidi mwilini. Kidonge cha maji kinatoa mwilini chumvi ambayo moyo unaihitaji, na kuharisha kunaitoa zaidi. Chumvi hiyo ikipungua, kidonge kilekile kilichompa nafuu kinakuwa kikali kwake.

Sidharau mizizi yako, nimekuzwa nayo. Lakini niambie, hospitali walijua habari ya gome? Walimuuliza?

Mjukuu wako,
Cresensia

*

Buger, 5 Aprili 1981

Mjukuu wangu Cresensia,

Salamu. Mimi nipo. Barua yako ilifika juzi. Mvua imekata njia, na wanasema lori lilikaa Ngorongoro siku nyingi likiwa limezama. Babu yako tulimzika siku sita kabla ya barua. Nilituma taarifa ya msiba kwa watu waliokuwa wanasafiri kuja huko kwenu, lakini kama lori lilikwama na wao walikwama.

Ilikuwa asubuhi, amezidiwa. Nilikuwa nimeshamvisha koti tumpeleke Karatu, trekta linanguruma nje. Akasema moyo unamrukaruka. Akanishika mkono, hakusema tena.

Uliuliza kama hospitali walimuuliza. Walimuuliza. Nilikuwa nimesimama palepale, nimemshikia fimbo yake. Daktari kijana, mpole, akasema, "Mzee, kuna dawa nyingine unayotumia?" Babu yako akasema hakuna. Na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Hatukudanganya, Cresensia. Dawa ni ile ya mganga, unampelekea kuku na yeye anakupa masharti. Supu ni chakula. Mama yangu alinipikia mimi, nikampikia mama yako, nikakupikia wewe. Nani anamwambia daktari alichokula jana?

Alipotapika nilifurahi. Nilidhani uchafu unatoka.

Sasa nijibu, na usinifunike kwa maneno ya kanisani, hapa ninayo ya kutosha. Ni mimi niliyemuua? Josephati ameweka kalamu chini mara mbili. Nimemwambia aishike.

Bibi yako

*

Wasso, 9 Mei 1981

Bibi yangu,

Shikamoo. Unakula? Kuni anakuletea nani? Nimechelewa kwa sababu kila barua niliyoianza ilikuwa ya kukubembeleza, na wewe ulinikataza.

Jibu langu ni hili. Moyo wa Babu ulikuwa umechoka kabla ya yote, na hakuna anayejua alikuwa amebakiza miaka mingapi. Lakini gome na vidonge vilikutana mwilini mwake, na nadhani ndivyo vilivyomwondoa mapema. Sikufichi. Kuua hukuua. Ulikuwa unampikia mumeo.

Na mimi nina langu. Mwezi wa pili mliniandikia majina ya vidonge vyake, na nikavijua vyote. Supu ile naijua kwa harufu, nimekulia humo. Najua gome linakaa darini, juu ya moshi. Nilikuwa na hayo mawili kichwani mwangu, Bibi, na sikuyaweka pamoja. Mimi, niliyesomeshwa kwa ng'ombe wenu.

Hicho kizunguzungu si uzee. Nenda ukapimwe presha. Sitaki kuandikiwa barua nyingine kama ile.

Mjukuu wako, mke mdogo,
Cresensia

*

Buger, 28 Juni 1981

Mjane mwenzangu,

Salamu. Mimi mzima kiasi, mahindi yanakauka, ng'ombe mweusi amezaa jike. Jibu lako nililisikiliza mara tatu. Nililia, kisha nikala ugali wote. Lako na langu tutagawana, kama tulivyogawana mume. Wewe usiubebe peke yako mzigo huo, mgongo wenyewe huna.

Jumatatu nilikwenda Karatu. Presha ipo, wamenipa vidonge. Daktari ni yuleyule mpole. Akaniuliza, "Bibi, kuna dawa nyingine unayotumia?"

Nikamwambia, "Usiniulize hivyo. Niulize ninachemsha nini."

Nikamwambia aniulize kuna nini kwenye supu, kwenye chai, kwenye maziwa. Kisha nikamwaga kikapu juu ya meza yake: gome, mizizi, majani ya mafua, hata ugoro wangu. Watu wa foleni wakajaa mlangoni kutazama. Akashika kimoja kimoja, akauliza kinafanya nini na nakitumia mara ngapi, akaandika kwenye kadi yangu. Ugoro amenikataza, tutaona. Majani ya mafua ameniruhusu. Gome ameliweka kando. Kuna mzizi mmoja akaniambia, huu siujui, Bibi, usiutumie mpaka niulize. Nimempenda kwa hilo. Wasomi wengi hawajui kusema hawajui.

Akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuja na kikapu. Nikamtajia jina la babu yako, Hhando, nikamweleza yote, na kile kichwa changu kilivyoitikia. Daktari alikuwa anatazama fimbo ya babu yako niliyoishika.

Nilipotoka, aliingia mama mmoja mwenye miguu iliyovimba kama ile ya babu yako. Mlango ulibaki wazi. Nikasikia daktari anamuuliza, "Mama, nyumbani mnachemsha nini?"

Nikakaa kwenye benchi, trekta likaniacha. Sikuondoka mpaka mama yule alipomaliza kujibu.

Bibi yako, mke mkubwa