Ufuo Uliofagiliwa

Arkhangelsk, Novemba 6

Kaka yangu Savva,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko mgodini, na kwamba kile kifua kilichokusumbua tangu majira ya kuchipua kimetulia. Mimi sijambo. Mama anaumwa magoti, lakini ulimi wake, kama unavyoujua, haujapata kuugua hata siku moja.

Najua unangoja habari za safari ya utafiti niliyojitolea mwezi wa Agosti. Barua zako za miaka mitatu kwa wakubwa ndizo zilizofanya ufuo wetu uingizwe kwenye orodha ya fuo za kupimwa, na hilo halijasahauliwa. Tulikuwa saba, chini ya Rimma Arkadyevna, mama mkali wa taasisi, ambaye huvuta kamba ya mita mia ufuoni na kuhesabu kila taka, hata kifuniko cha chupa. Mahali penye uchafu kuliko pote ndipo serikali ingepeleka meli ya kuzoa mapipa ya mafuta yaliyotupwa pwani, kabla bahari haijaganda. Kazi yangu ilikuwa kuandika hesabu.

Tulipofika kwetu, ufuo ulikuwa umefagiliwa. Mama, shangazi Lukerya na wanawake wote walihangaika siku tatu kwa reki na mifagio, kama nyumba inavyoandaliwa kupokea mgeni. Hata mwani waliuzoa. Yale mapipa yako ya dizeli, arobaini na mawili uliyoyapiga picha, hayakuwapo. Mahali pake waliweka meza, kitambaa cheupe, samovari ya chai na mikate ya samaki. Shangazi alimwambia Rimma Arkadyevna, "Kula ushibe, mama, halafu ukawaambie huko mjini kwamba huku hatuishi kama nguruwe." Rimma Arkadyevna akacheka, akavuta kamba yake, akahesabu vitu vitatu.

Nilimuuliza mama mapipa wameyapeleka wapi. Akanijibu kwa fahari kwamba wameyaviringisha mpaka kwenye shimo la mchanga juu ya kijito, wakayafunika kwa mwani. "Mbona umenuna?" akasema. "Kula, wenzako wasije wakadhani tumekunyima." Nikala. Kisha nikaandika vitatu, nikatia sahihi.

Ripoti ilitoka mwezi uliopita. Ufuo wetu umetajwa kuwa safi kuliko fuo zote. Meli ilikwenda kijiji kingine, na sasa bahari inaganda. Mama ananiambia maji ya kijito yananuka dizeli. Nimemkataza kuyachota, kwa hiyo anakwenda na ndoo zake mpaka kisima cha shangazi, ng'ambo ya kilima, kwa magoti yale yale.

Hapa utawakasirikia wanawake wale, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Siku mbili kabla hatujafika, mama alinipigia simu. "Taisiya," akaniuliza, "taka tunaondoa, lakini mapipa ya Savva si ndiyo wageni wanakuja kuyaona? Tuyaache?" Wenzangu walikuwa karibu yangu, wakikitania kijiji tulichokuwa tumetoka kukipima, wakisema watu wa pale wamezaliwa jalalani. Niliona haya, Savva. Nilimwambia ayaondoe yote. Nilijiambia kwamba nitamweleza Rimma Arkadyevna habari za mapipa faraghani, na sikumweleza. Mama aliuliza tena kama nina hakika. Nikamjibu kwamba kati yetu mimi ndiye niliyesoma.

Jana nilikwenda kwenye taasisi nikasema kweli. Rimma Arkadyevna hakunigombeza, ila aliniondoa kwenye orodha ya wanaojitolea. Alisema kijiji kitafikiriwa tena ikiwa malalamiko mapya yataandikwa, na sahihi yangu haitakubalika. Kwa hiyo nakuomba kitu ambacho sina haki ya kukiomba: uanze kuandika upya, tangu barua ya kwanza.

Mama usimlaumu, wala usimweleze tulichopoteza. Bado anawasimulia majirani jinsi tulivyosifiwa.

Nisalimie wote unaolala nao chumba kimoja, na ujifunike vizuri kwenye baridi hiyo. Usiponijibu, nitaelewa.

Mdogo wako,
Taisiya