Namba ya Mama kwenye Mlango wa Elungat

Osukuru, Tororo
9 Machi 2025

Mpendwa kaka Edeku,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Je, baridi ya Kanada imepungua? Na goti lako? Sisi tunaendelea vizuri. Mama ametoka hospitali, na leo amekula atapa, ugali wetu wa ulezi, kwa mboga ya kunde akamaliza sahani.

Kaka, Januari ulinitukana. Ulisema salio la laini ya intaneti ninalimaliza mimi, ndiyo maana siku ya upasuaji ulipiga bila kumpata Mama. Nililia, kisha nikakasirika. Sasa mwizi nimemjua. Ni binamu yetu Elungat, yule yule uliyemwomba atufungie laini hiyo.

Unakumbuka mpango wenyewe. Ukipiga, namba inalia kwenye tableti ya nyumbani na pia kwenye simu ya mkononi ya Mama. Ikipokelewa kwenye tableti ni bure. Ikipokelewa kwenye simu ya mkononi, linakatwa salio unaloweka wewe. Elungat aliongeza simu yake kimyakimya, wateja wake wampigie bure, gharama iwe yako. Tableti ilikuwa ikilia na kunyamaza kabla sijafika, nami nikilaumu mtandao!

Mwezi uliopita nilikwenda Malaba kununua vitunguu. Nikapita kibanda chake cha uwakala wa forodha, karibu na foleni ya malori, nikaona namba yetu imeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu. Alikuwa ameketi na madereva, amenipa mgongo. Nikatoa simu nikaipiga. Ikalia mfukoni mwake.

"Haloo, Elungat wa forodha, nikusaidie?"

"Ni Annet. Geuka."

Madereva wakacheka. Yeye akasema, "Dada, mimi napokea kidogo tu. Edeku iko Kanada, pesa iko mingi."

"Siku ya kupasuliwa, Mama alishika simu asubuhi nzima akingoja sauti ya mwanawe," nikamwambia. "Haikulia."

Akaangalia viatu vyake. Sikumpigia kelele. Nilirudi nyumbani, nikafungua tableti, nikaiondoa simu yake kwenye laini. Lakini namba sikuibadilisha, kaka. Wateja wake wanaendelea kupiga, na ninayepokea ni mimi. Nawaambia Elungat hapatikani tena hapa, nawaelekeza kwa Proscovia, wakala wa kibanda cha pili, ambaye Elungat hawezi hata kumsalimia. Mlango ameupaka rangi upya, lakini madereva wameshahifadhi namba ya zamani. Juzi nilimkuta peke yake kwenye benchi, akifukuza nzi. Nikapita polepole, makusudi, nimtazame vizuri.

Jumapili iliyopita alikuja na jogoo kumwomba Mama msamaha. Mama, unamjua, akamshika mkono wakasali pamoja. Mimi nilimchinja jogoo, nikampika vizuri, na Elungat nikampakulia shingo. Akaila yote. Mama anataka nami nisamehe. Nitasamehe, lakini si mwezi huu.

Nawe pia, kaka, hujaniomba radhi. Simu ya Mama ina salio sasa, na anatamani kukusikia. Piga, lakini uanze na mimi.

Msalimie wifi Harriet na watoto. Mjomba Olupot na shangazi Wilkister wanakukumbuka. Mungu akulinde huko kwenye theluji, akurudishe kwetu mzima.

Wako akupendaye, ingawa bado amenuna,

Dada yako Annet