Ukurasa wa Mwisho wa Kitabu cha Udongo

Kwa ndugu yangu Musyoka,

"Kitabu ni maneno tu. Maneno yakishaingia kwenye diski, karatasi inayobaki ni ya kufungia sukari." Unaniandikia kwamba Kioko aliiambia hivyo kamati ya chumba cha kusomea hapo Tawa, nanyi mkapiga makofi. Ni uongo, Musyoka. Na wewe uliyekulia katikati ya vitabu hivyo uliinua mkono ukakubali!

Nikusalimu kwanza, nisionekane sina adabu. Mimi ni mzima, ila magoti yananiuma kwa baridi ya huku. Mama anakula vizuri? Mvua ilinyesha, au mawingu yalipita tu?

Sasa sikiliza. Mimi sipingi mashine. Katika maktaba ninayofagia wameleta kompyuta za kusomea diski, na nimesoma kitabu kizima kwenye kioo bila miwani, kwa kuwa herufi unazikuza upendavyo. Nilifurahi. Kisha nikamwona bwana anayenakili vitabu akiruka kurasa. Nikamuuliza, "Hizi mbona unaziacha?"

Akacheka. "Mama, hapo watu wamechorachora tu na kalamu zao. Sisi tunanakili kilichochapishwa."

Jioni lori likaja nyuma ya jengo, likavibeba vitabu vyenyewe kwenda kusagwa. Nilisimama na ufagio wangu nikakikumbuka kitabu cha udongo.

Unakijua, kile cha jalada la kijani kinachofundisha wakulima habari za udongo. Wewe ulikuwa bado mgongoni siku Baba na babake Kioko walipomaliza ugomvi wa mpaka. Mbuzi alichinjwa pale kwenye mkonge, wazee wakala, na karatasi haikuwepo. Baba, aliyekuwa mtunzaji wa chumba kile, akakitoa kitabu mfukoni, akaandika kwenye ukurasa mtupu wa mwisho: kutoka jiwe jeupe hadi mkonge, matuta matatu ni yetu. Wote wawili wakaweka vidole gumba, na mashahidi pia. Mimi ndiye niliyeshika wino. Nikamuuliza Baba kwa nini anakirudisha chumbani badala ya kukiweka nyumbani. Akasema, "Kikikaa kwangu watasema nimeongeza maneno. Kikae mahali pa wote."

Huenda kitabu hicho kimo pia kwenye diski mnazoahidiwa. Kitakuwa safi kabisa, bila kidole hata kimoja.

Mashahidi wote tumewazika. Amebaki Mama, na unasema siku hizi anakuita kwa jina la Baba. Unaniandikia, kama jambo la kuchekesha, kwamba Kioko amepanda mtama kwenye tuta letu la chini, na Mama akampigia kelele: "Toka hapo! Babako alikula mbuzi yule mpaka akasahau kofia yake!" Naye akamjibu kwa upole, "Mbuzi gani, Mama? Nionyeshe."

Mimi sikucheka. Wapimaji wa ardhi wanakuja baada ya mavuno. Aliyeleta habari za mashine ni Kioko. Anayetaka vitabu viondoke kabla mashine hazijafika ni Kioko. Na mkokoteni utakaovibeba Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mwana wa mama yangu, ni wako.

Nimepiga simu posta mara mbili. Inalia tu, hakuna anayeshika. Barua hii nampa mtu anayerudi Machakos, na kila asubuhi nitahesabu amefika wapi.

Msalimie Mama, umshike mkono kwa niaba yangu. Msalimie mkeo, ambaye najua aliuona mtama ule kabla yako, na shemeji yetu fundi wa baiskeli, na shangazi wa Kalamba ambaye hajawahi kumwogopa Kioko.

Wewe, Musyoka: usiwafunge ng'ombe kwenye mkokoteni hiyo Jumamosi. Nenda chumbani leo, pamoja na mkeo na shangazi, muwaite katibu na mwalimu mkuu. Nanyi wanakamati mtakaosomewa barua hii, hata kitabu kimoja kisivuke mlango ule kabla hamjakifungua kile cha kijani mbele ya watu, Kioko akiwepo. Ukurasa ukiwepo, usomeni kwa sauti. Ukiwa umechanwa, mtazameni Kioko machoni, mmwambie awaonyeshe ulikokwenda.

Dada yako,
Nthenya