Kufutwa kwa Toleo la Zamani la Python katika Ghala la Kakao, Ipyana

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Lazaro Mwaisumo
Umri: Miaka 68
Kabila: Mnyakyusa
Dini: Mkristo
Kazi: Mwandishi wa programu za kompyuta, mstaafu
Makazi: Morogoro

Leo tarehe 15 Mei 2024 ni miaka arobaini na mmoja tangu niondoke Ikolo, shamba la baba lilipogawanywa nami sikuitwa. Nimekuja wiki iliyopita kwa kuombwa na mdogo wangu Zebedayo, mwenye ghala.

Programu yake ya kupimia kakao niliiandika zamani, nikaituma kutoka Morogoro. Inaelewa toleo la zamani tu la Python, lugha ya kuandikia programu. Programu mpya ya risiti inataka Python mpya. Nikaziweka zote mbili kwenye kompyuta moja, kila moja chumba chake, zisigusane. Ukitaka mojawapo unaandika jina la chumba chake. Zebedayo akasema, "Cha kakao kiite jina langu." Nikamwuliza Zebedayo, "Mkweo ataliandikaje?" Akacheka: "Atajifunza."

Mkwe huyo ni Atupele, karani wa ghala, mke wa mwanawe Gwamaka. Wengi siku hizi wameacha mwiko wa mkwe na baba mkwe, lakini yeye alilelewa na bibi aliyeshika mila. Jina la baba mkwe halitamki wala haliandiki, na akikutana naye hugeuza uso. Kila asubuhi nilimsikia akimwita mpakiaji: "Kaka Ebeneza, njoo uniandikie lile." Ebeneza humtania: "Shemeji, herufi nane tu zinakutisha?" Naye: "Andika uende, magunia yanakungoja."

Mnamo Jumapili tarehe 12, baada ya ibada, nilimkuta Zebedayo peke yake kwenye kompyuta. Akaniuliza toleo la zamani linaondolewaje. Nikamwambia asiliguse.

"Kaka, mashine moja, lugha mbili za nini? Ya zamani ipishe."

Nikaenda zangu Kyela mjini kwa mchungaji, nikalala huko.

Jumatatu asubuhi wakulima walikuta programu ya kakao haifunguki. Zebedayo akawaambia mkwe wake amefuta uzito wa kakao yao. Wakamleta hapa kituoni. Nilikuwa nimerudi kutoka mjini, nami nilikuwepo, afande, ulipomwuliza nani alifuta. Zebedayo alikuwa amesimama mbele yake. Atupele akageukia ukutani, hakujibu, ikaandikwa kuwa amekataa kujibu.

Kuondoa chumba kile lazima uandike jina lake lote, kisha nywila. Nywila tunaijua watatu: mimi, Atupele na Zebedayo.

Jana nililirudisha toleo la zamani. Uzito wote upo, haukuguswa. Nikamwambia Zebedayo, "Twende kituoni tukamtoe huyu mtoto, mkweo." Akasema, "Watu wameshaambiwa. Nikigeuza maneno nitaonekana nani?" Kisha akanikaribisha chakula. Sikula.

Nimeyasema haya kwa hiari, nikiwa na akili timamu, na mahakamani nitayarudia nikiitwa.

Sahihi: L. Mwaisumo

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Jubilate, nikamsomea shahidi, akathibitisha. Mtuhumiwa Atupele atahojiwa upya mchana huu, baba mkwe akiwa nje ya kituo. Nilipomwuliza shahidi atafikia wapi hapa wilayani, kwa mdogo wake Ikolo au kwingine, alijibu: "Nipigie simu Morogoro. Ikolo sirudi."