Mabega ya Mjomba

Ghorofa ya Juu,
Nyumba ya Duka la Vitambaa.
Jumatatu, 14 Septemba.

Mpendwa dada yangu,

Habari za huko, na hali ya mguu wako? Natumaini ganzi imepungua, na zile soksi ulizopewa na daktari unazivaa, hujazifungia kabatini kama nikujuavyo. Shemeji hajambo? Sisi huku wazima. Wifi yako mzima, cherehani yake nzima, na kitambi changu kinaendelea vizuri kuliko mwenyewe.

Matokeo ya binti yako Chiriku unayo, maana alikupigia simu mwenyewe. Lakini simu ile ilikuwa ya mbio, na yaliyotangulia hukuambiwa. Naona niyaandike mimi kabla hujayasikia kwa wifi yako, ambaye huyasimulia kwa kuigiza, na anayeigizwa ni mimi.

Unakumbuka sharti la shemeji: binti akae kwangu mwaka mmoja ajifunze muziki, afanye mtihani wa kuingia chuo, na akianguka arudi nyumbani kusomea uhasibu, bila mjadala. Kuimba anajua. Kusoma noti anajua. Kilichobaki kilikuwa mtihani wa sikio. Mwalimu hupiga noti tatu kwa pamoja kwenye kinanda, ndiyo kodi hiyo (si ile ya nyumba, dada, tulia), na mwanafunzi hutaja ni ya aina gani. Kuna meja, iliyochangamka. Kuna maina, yenye majonzi. Kuna na nyingine iliyobanwa, husikika kama mtu aliyekalia sindano.

Nilikuwa nakuandikia kila mara kwamba mwanao ana sikio la ajabu, na sikukudanganya. Hapa nyumbani hakukosa hata moja. Nikipiga, anajibu kabla sijainua mkono. Nikaanza kutembea chuoni kifua mbele, nikiwaambia walimu wenzangu kwamba ukoo wetu una kitu.

Kisha akaenda kufanya jaribio kwa mkuu wetu wa chuo, mama mmoja ambaye wanafunzi wamembatiza Bi Kimya, kwa sababu hata siku ya mshahara uso wake hautoi habari yoyote. Chiriku akarudi macho yamemvimba. Alikosa karibu zote. Nikamuuliza kama alipigiwa harakaharaka, kama kinanda kilikuwa kibovu. Akakaa kwenye kigoda, akavuta kamasi, akasema:

“Mjomba, yule mama hana mabega.”

Mimi sikuelewa. Wifi yako alielewa. Aliacha mkasi, akacheka mpaka akalalia kitambaa cha watu. Kumbe, dada, nikipiga meja mabega yangu hupanda kama ya bwana harusi. Nikipiga maina hushuka kama nimeletewa taarifa ya msiba. Na ile iliyobanwa huifumbia jicho moja. Mtoto alikaa ubavuni mwa kinanda muda wote huo akinisoma kama saa ya ukutani. Wala hakukusudia kuniibia. Alidhani kila apigaye kodi hufanya vile, ni sehemu ya somo. Nami niliyejiita mwalimu wa sikio nilikuwa nimefundisha jicho, tena nimelifundisha vizuri sana.

Mtihani ulikuwa umebakiza wiki chache. Akaniuliza kama aanze kufunga sanduku. Nikamwambia sanduku hufungwa na aliyemaliza kazi, na sisi hata hatujaianza. Nakuambia kweli, sikuwa na wasiwasi. Mtu awezaye kusoma bega la mjomba wake bila kukosea ana umakini ambao wanafunzi wangu wengine wanautafuta kwa tochi. Ilikuwa ni kuuhamisha tu, utoke jichoni uhamie sikioni.

Wifi yako akatutundikia shuka katikati ya chumba, kinanda upande huu, binti upande ule. Nikawa napiga kama mgonjwa nyuma ya pazia la zahanati. Siku za kwanza hakuambulia kitu. Basi nikampa sheria moja: asitaje jina la kodi kabla hajaiimba. Aanze na noti ya chini, apande ya katikati, amalizie ya juu, kama mtu anayepanda ngazi umeme umekatika, aguse kila kipandio kwa mguu. Akishazoea, nampigia ya chini na ya juu tu, namwachia ya katikati aitafute mwenyewe. Alinichukia kidogo wiki ile.

Kilichomfungua si mimi, ingawa chuoni nimesema ni mimi. Asubuhi moja wifi yako alikuwa anashona mapazia ya hoteli, na cherehani ya umeme inanguruma noti ileile moja. Chiriku alikuwa anapiga pasi. Akaanza kuimba juu ya ule mngurumo, noti ya juu kwanza, kisha ya katikati, na chumba kikachangamka. Halafu akaiteremsha ile ya katikati, nusu hatua tu, na cherehani ileile ikawa kama inaomboleza. Wifi yako akaondoa mguu kwenye pedali.

“Hebu irudishe ilipokuwa,” akamwambia. “Siwezi kushonea watu mapazia ya matanga.”

Akairudisha, akaishusha, akaipandisha tena, anacheka peke yake. Ya chini haikusogea, wala ya juu. Iliyobadilisha habari yote ni ya katikati. Lile shati la buluu ulilonitumia sasa lina alama ya pasi mgongoni, na nalivaa hivyohivyo, kwa fahari.

Siku ya mtihani nilimsindikiza hadi mlangoni. Bi Kimya akanitazama, akasema mabega yangu yabaki nje. Kumbe wifi yako alishamsimulia yote, shuka na mabega; ana mdomo, ndiyo maana nilitaka kukuandikia mapema. Nikakaa kwenye benchi la ukumbini, mlango umeegeshwa, kila kodi ikipigwa naijibu moyoni, naye anaijibu ndani. Tukaenda hivyo tukikubaliana. Karibu na mwisho ikapigwa moja, nikasema meja. Nikamsikia akiimba polepole, chini, kati, juu, akarudi tena kati.

“Maina,” akasema.

Nikauona uhasibu unapanda ngazi kuja kumchukua. Alipotoka nikamshika mkono, nikaanza kumfariji kwamba kosa moja haliui. Bi Kimya akapita na faili lake, akasema bila kusimama:

“Ilikuwa maina, Mwalimu. Mwenzio amezipata zote. Kesho uje wewe ukae nyuma ya shuka.”

Kwa hiyo shemeji atafute mhasibu mwingine, huyu amekwisha chukuliwa. Msalimie sana, umwambie sharti lake lilikuwa zuri na tumelitimiza. Msalimie mama mkwe wako, na mdogo wetu fundi redio, mwambie bado nasubiri ile redio yangu. Wifi yako anakusalimu, anataka vipimo vya madirisha yako.

Limebaki jambo moja. Siku ile alipokupigia, ulimwambia umefurahi mno, na asihangaike, nyumba haina upweke wowote. Mlipoagana alibaki ameshika simu. “Mjomba,” akaniambia, “mama amesema meja, lakini ya katikati imeshuka.”

Nikamwambia amesikia vizuri, ila amejibu haraka. Iko kodi nyingine hajaifikia, ya noti nne: chini ni meja kamili, na juu yake imekaa noti moja inayouma kidogo. Si majonzi hayo, dada. Ni furaha iliyomwachia nafasi mtu aliye mbali. Ataisoma muhula ujao, nami nitaipiga nyuma ya shuka, maana kwa kodi hiyo mabega yangu hayajui yapande au yashuke.

Mungu akulinde, akunyooshee huo mguu, na aijaze nyumba yenu sauti.

Nduguyo akupendaye, chini, kati na juu,

Mjomba wa Chiriku